Mkono Ambao Sikuuweka Juu ya Ubao

Jumapili, mchana. Mvua imeanza tulipokuwa tunatoka kanisani na haina dalili ya kuacha. Vilima vya Masisi vyote vimejificha, hata ng'ombe wa jirani siwaoni, nasikia kengele tu. Nina hasira.

Nimekuwa nayo tangu jana saa kumi. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeivalisha kitenge nikaenda nayo kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe, na mimi nikawa nahesabu mbao za dari. Ziko thelathini na moja, moja imeoza.

Sasa nimekaa. Mezani kuna kalamu, kuna fishi mbili, fomu za tathmini, zisizo na neno hata moja, na kuna fromaji, yaani jibini, nzima ya duara ambayo sijaikata. Hiyo fromaji ndiyo inayoniumiza zaidi, na nitaifikia.

Kwa anayesoma shajara hii mtandaoni kwa mara ya kwanza: naitwa Zawadi. Siku za kazi nafundisha hesabu sekondari. Jumamosi mimi ni mwamuzi wa dame, mchezo ambao wengine wanauita drafti. Ndiyo, ule wa vizibo vya chupa, vya bia upande huu na vya soda upande ule, ambao mama yangu anasema ni wa wanaume wasio na shamba. Kila mwaka wachezaji wa Masisi na wa Walikale wanashindana, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao, njia ikiwa wazi. Anayeshinda anakwenda Goma kucheza na wa territoire nyingine, yaani wilaya nyingine. Jana ilikuwa fainali, na waamuzi wa meza tulikuwa watatu.

Kamati yetu ina desturi moja iliyoletwa na mtu aliyekwenda semina. Baada ya mashindano, kila mwamuzi anaandika fishi ya tathmini juu ya wenzake wa meza. Mambo matatu aliyoyafanya vizuri. Jambo moja la kuboresha. Ushauri. Sahihi. Kabla ya kuipeleka kwa kamati, ni lazima umwoneshe mwenyewe asome. Na juu kabisa, kwa herufi nene, wameandika: Lugha iwe ya kujenga.

Kujenga nini? Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ulianguka jana mbele ya watu wote, na mimi naombwa nianze kwa kusifu rangi yake.

Basi nieleze jana.

Mkuu wa meza alikuwa Papa Bahati, mzee wa Walikale. Huyu ndiye aliyenifundisha uamuzi. Miaka mitano iliyopita alikuja hapa kwa pikipiki, siku nzima njiani, akatukusanya watu saba katika darasa langu na kutufundisha kwa chaki na vizibo. Kati ya saba, nimebaki mimi. Ananiita mutoto wangu. Mwamuzi wa pili alikuwa Safari, wa hapa hapa Masisi, anauza vipuri vya pikipiki sokoni, na kazi yake jana ilikuwa kushika saa. Mimi nilikaa upande wa ubao, kazi yangu ni kuangalia kila kete inakokwenda.

Wachezaji walikuwa kaka Amani, fundi wa simu kutoka Walikale, na Mama Riziki wa Burungu, kijiji cha upande wetu wa Masisi.

Mama Riziki anauza maziwa. Alijifunza dame pale wanapongojea mnunuzi wa maziwa asubuhi, amekaa juu ya bidoni lake la maziwa, akiangalia wanaume wakicheza. Aliangalia mwaka mzima bila kusema. Siku aliyoomba kucheza walicheka, na alipowafunga wanne mfululizo waliacha kucheka na kuanza kusema ni dawa. Wamama wa kwaya yake walimwita kikao kumwuliza kama ameacha kazi za nyumbani. Mume wake ndiye aliyejibu. Alisema mke wake akienda Goma, yeye atakamua ng'ombe wiki nzima. Habari hiyo ilifika mpaka hapa Masisi mjini, watu wanaisimulia sokoni kana kwamba mwanaume amekubali kubeba mimba.

Hakuna mwanamke aliyewahi kutoka kwetu kwenda Goma kwa ubao. Hakuna aliyewahi hata kufika fainali.

Asubuhi, kabla ya mchezo, alikuja kwenye chumba cha waamuzi na fromaji imefungwa kwenye kitambaa safi. Nilimrudishia. Nilimwambia kwa upole, mama, waamuzi hawapokei kitu. Hakukasirika. Aliirudisha kwenye kikapu chake, akaenda kukaa.

Kabla ya fainali kuna kikao cha kanuni, kwa sababu Masisi na Walikale hatuchezi sawa. Sote tunakubali kwamba ukiweza kula kete ya mwenzako ni lazima ule. Tofauti ni pale unaposahau. Walikale wanapuliza: mpinzani anainua ile kete iliyosahau kula, anaipuliza kama mtu anayezima kibatari, anaitia mfukoni, imekufa. Sisi tuliacha kupuliza zamani. Kwetu unarudisha mchezo wako nyuma, unakula, mnaendelea. Jana asubuhi tulikubaliana wote kwamba fainali haina kupuliza. Papa Bahati mwenyewe alisoma kwa sauti. Amani aliitikia kwa kichwa. Safari aliandika.

Saa kumi kasoro, wingu lilikuwa limeshasimama upande wa Walikale. Watu wa huko walianza kuangalia mlango, maana mvua ikiwakuta njiani, pikipiki zinabebwa na wenye pikipiki. Mama Riziki alikuwa na kete moja kubwa, ile inayotembea mbele na nyuma, na tatu ndogo. Amani alikuwa na ndogo nne, zimetawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji. Mchezo ulikuwa wa mama. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeona.

Halafu akasahau. Kete yake kubwa ilikuwa na kete ya kula pale pembeni, yeye akasukuma ndogo. Binadamu anachoka. Ilikuwa saa ya tatu ya mchezo.

Amani akanyoosha mkono, akainua ile kete kubwa, akaipuliza, akaitia katika mfuko wa shati.

Sidhani alikusudia ubaya. Ni mkono uliozoea. Amepuliza tangu utotoni, na mkono haukuhudhuria kikao cha asubuhi.

Lakini kwenye meza yetu mchezaji hasemi. Akiona kosa, anamtazama mwamuzi, basi. Ni mwamuzi tu anayeweza kusimamisha mchezo, na anausimamisha kwa namna moja: anaweka kiganja wazi juu ya ubao. Kiganja kikishafika pale, hakuna kete inayotembea mpaka waamuzi wasemezane. Ila kama umekiweka bure, unaondoka mezani mbele ya watu na mwingine anakaa kwenye kiti chako.

Mama Riziki alinitazama mimi. Hakumtazama Papa Bahati, hakumtazama Safari. Mimi.

Niliinua mkono. Papa Bahati akaniangalia, akaangalia mlango, akasema, "Tuendelee. Mvua iko inakuja."

Tukaendelea. Baada ya zamu tano au sita kila kitu kilikuwa kimekwisha. Amani alibebwa juu na watu wa Walikale. Mama Riziki alisimama, akamshika mkono, akakunja kitambaa alichokuwa amekalia. Sisi watatu tukatia sahihi karatasi ya matokeo. Sahihi yangu iko katikati, nzuri, imenyooka kama ya daftari la mahudhurio.

Kisha mama akaja kwangu na kikapu. Akatoa ile fromaji, akaiweka mikononi mwangu kwa mikono miwili.

"Dada Zawadi, sasa mushindi amejulikana. Njo sasa naweza kuwapatia."

Alisema bila uchungu. Ningependa angenitukana. Aliondoka kutafuta pikipiki ya kumrudisha, na mimi nikabaki na kilo mbili za fromaji.

Hiyo ndiyo jana.

Leo nimeshaandika fishi ya Papa Bahati mara mbili na kuichana mara mbili. Ya kwanza ilikuwa hivi. Mambo matatu mazuri: alifika mapema, alivaa koti safi, alisalimia kila mtu. Jambo la kuboresha: kila kitu kilichobaki. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha nikakumbuka kwamba ni lazima asome kabla sijaituma, nikaichana. Ya pili ilikuwa imejaa asali, "mzee wetu mwenye hekima na uzoefu", na nilipofika kwenye jambo la kuboresha niliandika kwamba angeweza kuongeza umakini katika kusimamia muda. Umakini! Mtu ameua mchezo wa mwanamke mbele ya macho yake, na mimi namwomba umakini. Hiyo niliichana vipande vidogo zaidi.

Saa sita Safari alipiga simu. Nilidhani anataka kuzungumza juu ya kosa.

"Dada Zawadi, ile fromaji ulishakata?"

Nilimwambia sijaikata na sitaikata. Nikamwuliza kama aliona kupuliza. Akajibu, "Miye nilikuwa naangalia saa." Nikamwuliza kama ataandika lolote juu yake. "Nitaandika nini na sikuona? Dada, andika tu muzuri. Muzee iko anachoka. Ametufanyia mengi. Na weye uko mutu wa hapa, ukimwandika mubaya, Walikale watasema ni Masisi njo inamuchukia."

Niliikata simu bila kuaga. Nitamwomba radhi Jumatano, sio leo.

Kinachoniuma ni kwamba Safari amesema kweli upande mmoja. Kanuni ya kamati iko wazi: fishi mbili, kutoka kwa waamuzi wawili wa meza moja, zikitaja kosa lile lile, mchezo unarudiwa. Fishi moja ni malalamiko. Inapigwa muhuri na kuingia kwenye sanduku. Safari hakuona. Papa Bahati hawezi kujishitaki mwenyewe. Kwa hiyo hata nikiandika kwa damu, mimi ni mtu mmoja wa Masisi anayelia kwa sababu mtu wa Masisi ameshindwa. Na mwisho wa kupeleka majina Goma ni kesho adhuhuri.

Saa saba niliandika ya tatu. Hii sikuichana. Kwenye jambo la kuboresha nilisema: "Mchezaji wa Walikale alipuliza kete kubwa ya mpinzani wake kinyume cha kanuni tuliyokubaliana asubuhi. Mkuu wa meza aliruhusu. Niliinua mkono wangu na yeye akanikatalia kwa kuharakisha mchezo."

Nikaisoma mara tatu. Kila sentensi ilikuwa kweli.

Hapana. Hii ni shajara yangu na humu sidanganyi, hata kama watu kumi na wawili wanaisoma. Mficha uchi hazai.

Mkono niliuinua, ndiyo. Ulifika hapa kifuani. Papa Bahati aliponiangalia, sikuushusha kwenye ubao. Niliupandisha kichwani nikarekebisha kitambaa changu, kana kwamba ndiyo safari yake tangu mwanzo. Kitambaa kilikuwa kimekaa sawa. Nilikifunga mwenyewe asubuhi kwa pini mbili.

Kwa nini? Kwa sababu mwaka juzi niliweka kiganja bure. Niliona kosa ambalo halikuwepo, nikasimamisha nusu fainali, na nikaondolewa kwenye kiti. Nilitembea kutoka mezani mpaka mlangoni, hatua labda kumi na tano, na watu wakapiga miluzi. Wanafunzi wangu walikuwepo. Wiki nzima waliniwekea viganja juu ya madawati. Jana, mkono wangu ulipokuwa hewani, nilisikia ile miluzi. Nilijua nimeona sawa. Nilijua kama ninavyojua mbili na mbili. Na bado niliogopa.

Papa Bahati alitufundisha siku ya kwanza kabisa, chaki mkononi: "Mukono ya mwamuzi haitetemeke. Weka ao acha." Mimi nilichagua kitambaa.

Kwa hiyo hasira hii ya tangu jana, ninayombebesha yeye peke yake, nusu yake ina jina langu. Nimeandika hilo hapa na sijisikii nafuu hata kidogo. Wale wanaosema ukikiri unapata wepesi, labda walikiri mambo madogo.

Saa nane na nusu mtandao ulirudi na simu ikalia. Papa Bahati. Ameshafika Walikale.

Alituma picha ya fishi yake juu yangu, na maneno haya: "Nimefika. Njia iko mubaya, tulisukuma pikipiki sana. Soma hii mbele nitume ku kamati."

Mwandiko wake ni ule ule wa ubaoni, herufi kubwa zinazoinama. Mambo matatu mazuri: "Anajua kanuni kuliko sisi wote. Alirudisha zawadi ya mchezaji kabla ya mchezo. Anakaa saa tatu bila kuangalia simu." Nilianza kulainika. Nikashuka kwenye jambo la kuboresha.

"Mchezaji alipopuliza kete kinyume cha kanuni, Mwamuzi Zawadi aliona. Aliinua mkono, kisha akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Mwamuzi akiona, aweke kiganja."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Niliitupa simu kitandani. Nilitembea chumbani, na chumba changu ni kidogo, kwa hiyo nilitembea kwa kuzunguka tu. Mzee huyu! Mkuu wa meza ni yeye. Aliyesema tuendelee ni yeye. Aliyeangalia mlango na mvua yake ni yeye. Na sasa ananiandika mimi? Tena anaandika kitambaa! Kamati nzima itasoma juu ya kitambaa changu. Kuna adhabu, nayo anaijua kwa sababu aliiandika yeye: mwamuzi aliyeona kosa na kunyamaza anakaa nje msimu mzima.

Nikaokota simu. Sikumwamkia. Miaka mitano namwamkia kwanza, leo sikumwamkia. Niliandika: "Papa, na wewe? Kwa nini hukusimamisha?"

Alijibu polepole. Mtandao wa huko unakuja na kuondoka, nilikaa nikiangalia skrini kama mtu anayengojea maji yachemke.

"Mutoto wangu, macho yangu haione tena muzuri. Kete niliona ilitoka, sikuona inatokea wapi. Nilikuwa naangalia mukono yako. Kama ungeweka, ningesimamisha. Ilipoenda ku kitambaa, nikasema basi, hakuna kosa. Ku njia tulipojikinga mvua, Amani njo alinitolea ile kete mu mfuko. Akasema, Papa, nimepuliza."

Ujumbe wa pili ukaingia.

"Alikuwa analia."

Nilikaa kitandani.

Sikumhurumia mara moja, nisijipambe. Jambo la kwanza lililokuja kichwani lilikuwa hasira mpya, safi kabisa. Mtu asiyeona kete anakaaje mkuu wa meza ya fainali? Anakaaje pale, na watu wawili wamecheza siku mbili kufika pale, na yeye anaamua kwa kuangalia mkono wa mtu mwingine? Na kwa nini hakusema? Kwa nini alinipa mimi macho yake bila kuniambia kwamba ninayo?

Ni baada ya hapo ndipo niliposoma fishi yake upya, sentensi ile ya kwanza, niliyoipita mbio kwa sababu nilikuwa natafuta jina langu.

Mchezaji alipopuliza kete kinyume cha kanuni.

Ameliandika. Kwenye karatasi yenye sahihi yake, mkuu wa meza, mtu wa Walikale, dhidi ya ushindi wa Walikale. Ili kuniandika mimi ilibidi ataje kosa, na kosa likishatajwa, yeye ndiye aliyeliruhusu. Hiyo ni fishi ya kwanza. Inabaki moja tu.

Sijui kama alipanga hivyo. Katika dame kuna wachezaji wanaotoa kete yao iliwe ili kufungua njia, na yeye ndiye aliyenifundisha kuwatambua. Au labda ni mzee mkweli tu aliyeona kosa la mwanafunzi wake akaliandika. Sikumwuliza. Nilijua pia kwamba nikiituma yangu, tunatoka wote wawili. Yeye kwa kuruhusu, mimi kwa kunyamaza. Nikiiandika ile ya asali, nitamwambia afute yake, atafuta, na msimu ujao nitakaa kwenye kiti cha katikati, cha mkuu wa meza.

Nikaiangalia ile fromaji.

Nilichana fishi ya tatu. Ya nne niliiandika bila kusimama, kalamu ikitoboa karatasi hapa na pale, nayo naiweka hapa yote, kwa sababu nimechoka kuandika matoleo.

Juu ya Mwamuzi Bahati. Aliyoyafanya vizuri: moja, alisafiri njia mbaya ili sisi tupate fainali yenye mkuu wa meza. Mbili, alisoma kanuni kwa sauti asubuhi ili mtu yeyote asiseme hakusikia. Tatu, aliandika ukweli juu yangu kabla mimi sijauandika.

Jambo la kuboresha: alikubali kukaa mkuu wa meza na macho yake hayaoni kete, na hakutuambia. Kwa sababu hiyo kete kubwa ya Mama Riziki ilipulizwa kinyume cha kanuni, naye akasema tuendelee. Mimi niliona. Niliinua mkono, kisha nikarekebisha kitambaa. Hakikuhitaji kurekebishwa.

Ushauri: asiamue tena fainali. Afundishe. Aje hata hapa Masisi, darasa langu liko wazi, na afundishe waamuzi kuweka mkono. Mwanafunzi wa kwanza niwe mimi.

Nilipiga picha, nikamtumia asome. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu, niseme ukweli, nikairudia.

Alijibu baada ya dakika nyingi. Neno moja na jina langu.

"Tuma, Zawadi."

Nimetuma. Yangu na yake zimefika kwa kamati, moja baada ya nyingine, kabla ya saa kumi. Katibu amejibu kwamba kamati itaita kikao cha haraka kesho asubuhi, kabla jina halijapelekwa Goma, na kwamba lugha yangu kwenye sehemu ya pili haikuwa ya kujenga sana. Nilimjibu asante kwa tathmini.

Mvua imepungua. Naona sasa nusu ya kilima cha kwanza na mgongo wa ng'ombe mmoja. Nimeifunga fromaji tena kwenye kitambaa chake, fundo lile lile, na nimeshazungumza na mwenye pikipiki anayekwenda Burungu asubuhi. Nimemwambia amwambie Mama Riziki maneno haya, asiongeze wala asipunguze: mshindi bado hajajulikana, na Zawadi aliona.

Bado nina hasira na mzee. Bado nina hasira na Safari na saa yake, na kamati na herufi zake nene. Iliyobaki ni yangu, na kesho tutaamka nayo, tuende kufundisha hesabu.